Unataka umeya wa Lubumbashi? Anzia lupango ya jirani: mwongozo kamili wa kuishinda serikali ya jiji kwa kura

Kelele za uchaguzi zikianza tu Lubumbashi, mji wetu wa Kongo (DRC), hakosekani mtu wa kuchapisha bango kubwa lenye sura yake na maneno "Meya wenu wa kesho". Analitundika karibu na soko la Kenya hapa mjini, anagawa vitenge na kofia, anakodi muziki. Siku ya kura mama aliyevaa kitenge chake anaingia kwenye chumba cha kupigia kura, anatafuta jina la meya kwenye mashine, halioni. Halipo kabisa. Anabonyeza sura nyingine anayoifahamu na kurudi nyumbani kupika bukari.

Maswali ninayoulizwa kuhusu jambo hili hayabadiliki, na makosa hayabadiliki, likiwemo kosa la timu niliyokuwa ndani yake Katuba mwaka 2023. Nitalieleza mbele. Historia naiacha. Tuingie kazini.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Sheria mbili kwenye karatasi. Sheria ya uchaguzi namba 06/006 ya 9 Machi 2006 pamoja na marekebisho yake, hasa ya 29 Juni 2022. Ya pili ni sheria ya msingi (loi organique) namba 08/016 ya 7 Oktoba 2008, inayopanga kazi za miji na komini, yaani sehemu za jiji zenye baraza lake. Zichapishe. Kwenye simu utazisoma mara moja tu, kwenye karatasi utazichora mistari.
- Chama, muungano wa vyama, au uamuzi wa kusimama huru. Uamue mapema. Ukiamua wiki ya mwisho utapewa nafasi ambayo wengine wameikataa.
- Karatasi za kila mgombea: kadi ya mpiga kura inayosomeka, cheti cha kuzaliwa, nakala za diploma, picha, na fomu za CENI, tume ya uchaguzi. Majina yafanane kwenye zote, mpaka herufi ya mwisho.
- Pesa ya dhamana, ambayo hairudi hata ukishinda, na pesa ya mashahidi. Hizi mbili zitengwe kwanza, kabla ya tisheti hata moja.
- Watu watatu wasio na mchezo: mwanasheria, mhasibu ambaye si ndugu yako, na mtu wa kupanga mashahidi.
- Daftari moja kwa kila kartiye (mtaa), kalamu, betri za akiba za simu, na viatu vya mvua.

Viatu vya mvua si utani. Kura ya 2023 ilipigwa Desemba, na Desemba ya Lubumbashi mnaijua. Kuna mitaa ya pembeni ambako gari la muziki linazama mpaka kwenye bodi, na mgombea anayeteremka na viatu vyeupe anachekwa mpaka Januari.

## Hatua ya 1: Elewa ni nani anayemchagua meya

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo soma polepole.

Mwananchi wa Lubumbashi hampigii meya kura moja kwa moja. Anawapigia kura washauri wa komini (madiwani). Washauri wa komini wanafanya mambo mawili: wanamchagua burgumestri, yaani mkuu wa komini, na msaidizi wake, na wanawachagua washauri wa jiji watakaoiwakilisha komini yao. Washauri wa jiji, wakikaa katika Baraza la jiji, ndio wanaomchagua meya na meya msaidizi.

Kwa hiyo kuna ngazi tatu, na bango la "Meya wenu wa kesho" linaruka mbili.

Meya aliyeteuliwa kwa amri ya Rais wa Jamhuri hakupita kwenye ngazi hizi. Nguvu yake imetoka Kinshasa. Udhaifu wake ni huohuo: hana mshauri hata mmoja aliyekwenda kumwombea kura Kampemba au Ruashi. Ukiwahesabu vizuri watu wa ngazi ya kwanza, unamkuta juu akiwa peke yake.

Kura ya kwanza ya washauri wa komini chini ya sheria hii ya 2006 ilifanyika 20 Desemba 2023, siku moja na ya rais, ya wabunge wa taifa na ya wabunge wa mikoa. Ilihusu komini za miji mikuu ya mikoa tu, na Lubumbashi, mji mkuu wa Haut-Katanga, ilikuwemo.

Utajua umeelewa ukiweza kumweleza dereva wa taksi kwa sentensi tatu, naye akakurudishia bila kukosea. Mimi huwajaribu watu wangu hivyo. Asiyeweza, simpi daftari.

## Hatua ya 2: Chagua komini, usikimbilie zote saba

Lubumbashi ina komini saba: Lubumbashi, Kampemba, Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi na Annexe. Timu changa inataka zote. Matokeo yake inakuwa na watu watatu waliochoka katika kila komini.

Chukua karatasi, andika kwa kila komini: viti vingapi vinagombewa, wapiga kura wangapi wameandikishwa, vituo vingapi vya kura, na una watu wangapi wanaolala huko. Nasema wanaolala, si wanaopita. Mtu wa kartiye ya Golf anayekwenda Katuba kila Jumamosi si mtu wa Katuba.

Kamalondo ni ndogo na watu huipuuza. Mahali penye wapiga kura wachache, kura chache zinatosha kukuvusha kizingiti (tutakifikia). Annexe ni kinyume chake: inauzunguka mji, ni pana, na shahidi wako anaweza kumaliza nusu siku njiani kati ya kituo na kituo. Ukiiingia, uingie na pikipiki na watu wa hapohapo.

Komini ambazo huziwezi, tafuta mapema orodha nyingine ya upinzani yenye nguvu huko. Msigombane. Mtahitajiana katika ngazi ya tatu.

Onyo: msiahidiane cheo cha meya msaidizi katika hatua hii. Nimeona cheo kimoja kikiahidiwa kwa watu wanne, na wote wanne walikutana kwenye matanga yaleyale.

## Hatua ya 3: Tafuta kosa moja la serikali ya jiji, uwe na ushahidi wake

"Wanakula pesa" haitoshi. Kila mtu anasema hivyo, hata wanaokula. Tafuta jambo moja ambalo liko kwenye madaraka ya jiji, linaloonekana kwa macho, na ambalo unaweza kuliwekea tarakimu.

Kwanza jua jiji lina kazi gani: usafi, masoko, barabara za mjini, mifereji ya maji ya mvua, maegesho, makaburi, taa za barabarani. Umeme wa nyumbani ni wa SNEL na maji ya bomba ni ya REGIDESO, makampuni ya Serikali. Mgombea wa komini anayeahidi kumaliza giza la Kalebuka anasema uongo au hajui kazi anayoiomba, na wasikilizaji siku hizi wanauliza.

Njia ninayoipenda ni ya sokoni. Kaa na mama muuza makala (makaa) siku sita mfululizo, andika kila anachotozwa: nani alikuja, alidai kiasi gani, alitoa kitansi (risiti) au hakutoa. Fanya hivyo kwa wauzaji ishirini katika masoko mawili. Baada ya wiki moja una jedwali ambalo hakuna msemaji wa jiji atakayelifuta kwa maneno. Kisha uliza hadharani swali moja: pesa hii imeingia katika akaunti gani, na mfereji upi umesafishwa nayo?

Mama mmoja alinijibu, nilipomwomba nikae kwenye meza yake: "Banakuyaka tu wakati ya kura, kisha habatujue tena." Nilikaa siku zote sita. Siku ya saba alinitafutia mwenyewe wenzake kumi.

Njia ya pili ni ya madini, na hapa Lubumbashi haiwezi kuiruka. Kanuni ya Madini, kama ilivyorekebishwa na sheria ya 9 Machi 2018, inagawa mrabaha wa madini hivi: 50% Serikali kuu, 25% mkoa, 15% utawala wa eneo ambako uchimbaji unafanyika, na 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Hiyo 15% ndiyo inayokuhusu. Ruashi ina mgodi ndani yake. Andika barua kwa komini husika, uulize kiasi kilichoingia mwaka uliopita na kilitumika wapi. Peleka nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukijibiwa, una tarakimu. Usipojibiwa, una barua yenye muhuri na tarehe, na hiyo nayo inasomeka vizuri kwenye mkutano.

Katiba nayo, kifungu cha 175, inaipa mikoa 40% ya mapato ya kitaifa, na sheria ya 2008 inaipa miji na komini 40% ya fungu hilo la mkoa. Usianze na hii kwenye mkutano wa mtaani, inachosha. Iweke kwa ajili ya redio, kwa sababu lazima mtu wa upande wa jiji atasema "Kinshasa haitumi pesa", na mara nyingi atakuwa na haki. Jibu lako liwe tayari: basi tuanze na zile za sokoni, ambazo hazipiti Kinshasa.

Utajua umefaulu pale mtu usiyemjua atakapolieleza kosa lile kwenye taksi kana kwamba amelivumbua yeye.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya 10%

Hili ndilo kosa letu la Katuba. Mgombea wetu alikuwa anajulikana, alipendwa, alipata kura nyingi kuliko watu wengine walioingia barazani. Orodha yetu kwa jumla ilipata asilimia nane na kidogo. Tukatoka mikono mitupu.

Sheria inataka orodha ifikishe 10% ya kura halali za komini ndipo iingie kwenye kugawana viti. Chini ya hapo, kura zako zote zinakwenda bure. Baada ya kizingiti viti vinagawanywa kwa uwiano, na viti vinavyosalia vinakwenda kwa wenye masalio makubwa zaidi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Komini ina viti 9 na kura halali 45,000. Kizingiti ni kura 4,500. Orodha nne zimevuka:

- Orodha A: kura 13,000
- Orodha B: kura 11,000
- Orodha C: kura 7,000
- Orodha D: kura 5,000

Jumla yao ni 36,000. Kura 9,000 za vijiorodha vidogo zimetupwa. Gawa 36,000 kwa viti 9: kila kiti kinagharimu kura 4,000. A anapata viti 3 na kubaki na 1,000. B anapata 2, anabaki na 3,000. C anapata 1, anabaki na 3,000. D anapata 1, anabaki na 1,000. Viti 7 vimegawanywa, 2 vimesalia, na vinakwenda kwa B na C wenye masalio makubwa. Mwisho: A 3, B 3, C 2, D 1.

Tazama tena. A ameishinda B kwa kura 2,000 na hana hata kiti kimoja zaidi yake. Na B akiungana na C wana 5 kati ya 9: burgumestri ni wao. Aliyeshangilia barabarani usiku wa matokeo alikuwa A.

Mafunzo matatu yanatoka hapa. La kwanza: kazi ya kila mgombea kwenye orodha ni kuleta kura za orodha, hata kama yeye mwenyewe hataingia. Mwambie hivyo kabla hajasaini, usimdanganye. La pili: mgombea huru anahesabiwa kama orodha ya mtu mmoja, kwa hiyo anatakiwa kuvuka 10% kwa jina lake peke yake. Inawezekana kwa mtu anayejulikana sana kwenye komini ndogo. Kwenye komini kubwa, fikiria mara mbili. La tatu: marafiki watano wenye orodha tano za 6% wana viti sifuri. Wakiwa kwenye orodha moja wana 30%. Kaeni chini ya mwembe wa mtu mmoja mmalizane kabla ya kujaza fomu.

## Hatua ya 5: Tengeneza orodha na upeleke CENI mapema

Usijaze orodha na jamaa zako. Tafuta mwalimu ambaye wanafunzi wake wa zamani sasa wanapiga kura, muuguzi, kiongozi wa likelemba (upatu) ya akina mama sokoni, mtu wa kwaya, mtu wa timu ya mpira ya kartiye. Kila mmoja alete daftari la majina mia mbili ya watu anaoweza kuwagongea mlango bila kujitambulisha. Asiye na daftari ana maneno tu.

Wanawake wawe nusu ya orodha au zaidi. Sheria ya 2022 inaisamehe dhamana orodha yenye angalau 50% ya wanawake. Ukiisoma hiyo kama hila ya kuokoa pesa umepoteza nusu ya faida. Masoko, likelemba na misiba ya Lubumbashi inaendeshwa na akina mama, na huko ndiko kura za komini zinakotoka. Usiwaweke kwenye karatasi ili kukwepa dhamana, halafu mkutanoni ukawapa kazi ya kugawa viti.

Mfanyakazi wa Serikali anatakiwa kuonyesha kwamba ameomba kuachishwa kazi kwa muda kabla ya siku ya mwisho ya kupeleka ugombea. Mwalimu wa shule ya Serikali aulizie hili mapema. Usimwambie "tutaona".

Nenda kwenye ofisi ya kupokea ugombea wiki ya kwanza, si siku ya mwisho. Wiki ya kwanza karani ana muda wa kukuambia kwamba picha ni ndogo na kwamba "Kabwe" kwenye diploma ni "Kabwa" kwenye kadi. Siku ya mwisho anapokea au anakataa.

Utajua umefaulu ukitoka na hati ya kupokelewa yenye muhuri, na jina lako likaonekana kwenye orodha ya muda ya CENI. Likikosekana, siku za kulalamika ni chache sana. Mwanasheria wako akae tayari na kalamu.

## Hatua ya 6: Siku kumi na tano

Kampeni ya washauri wa komini ni fupi. Mwaka 2023 ilianza 4 Desemba na kufungwa 18 Desemba, wakati wagombea urais na ubunge walikuwa wamekwisha kujaza mji tangu 19 Novemba. Ukianza kujulikana tarehe 4 umechelewa. Kabla ya hapo huruhusiwi kuomba kura, lakini hakuna anayekukataza kukaa sokoni na daftari, kusafisha mfereji wa mtaa wako, au kuandika barua kwa komini.

Mkutano wa hadhara utangaze kwa maandishi mapema kwa mkuu wa eneo, na nakala yako igongwe muhuri. Katiba, vifungu 25 na 26, inakupa haki ya kukutana kwa amani, na kwa maandamano barabarani inakutaka ujulishe mamlaka kwa maandishi. Kujulisha na kuomba ruhusa ni vitu viwili. Kumbuka tofauti hiyo afisa atakapokuuliza "ruhusa yako iko wapi?" Mjibu kwa upole, mwonyeshe muhuri. Kupiga kelele mbele ya askari ni zawadi kwa meya.

Nyumba kwa nyumba ndiyo kampeni yenyewe. Watu wawili wawili, mmoja mama, mmoja kijana, lupango kwa lupango. Salamu kwanza, kwa mzee wa nyumba, hata kama ni kijana anayekusikiliza. Dakika saba zinatosha: kosa moja, jambo moja mtakalofanya, na namba.

Namba! Kwenye mashine ya kura jina lako liko katikati ya sura nyingi. Mpiga kura wa 2023 alikuwa na chaguzi nne za kufanya, na ya komini ilikuwa ya mwisho vichwani mwa watu. Wengi walimjua mgombea wao wa urais na walibahatisha waliobaki. CENI ikishatoa namba, isiwe chini ya jina lako kwa herufi ndogo. Iwe kubwa kuliko sura yako. Tengenezeni wimbo wa namba. Watoto wakiuimba barabarani, wazazi wao wameusikia.

Hapo hapo mlangoni uliza: "Mama, kadi yako inasomeka?" Kadi nyingi za 2023 zilififia mpaka sura ikapotea. Mwenye kadi iliyofifia aende CENI kuomba nakala kabla ya siku ya kura. Ukimsaidia kwa hilo anakukumbuka kuliko kofia.

Kuhusu zawadi: upande wa pili utagawa. Waambie watu wachukue, na kura iwe ya siri. Kula kwao, kura kwetu. Wewe usigawe. Huna pesa za kushindana nao, na kununua kura ni kosa la jinai. Tarehe 5 Januari 2024 CENI ilifuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu, ununuzi wa kura na kukutwa na mashine za kura, kati yao watu wenye vyeo vikubwa.

Ukiona gari la jiji, wafanyakazi wa jiji au ukumbi wa jiji vikitumika kwa kampeni ya walioko madarakani, piga picha yenye namba ya gari, andika saa na mahali, tafuta shahidi mmoja anayekubali kusaini. Sheria ya uchaguzi inakataza kutumia mali, pesa na watu wa Serikali kwa propaganda. Usirushe picha mtandaoni saa ileile. Mpe mwanasheria kwanza.

## Hatua ya 7: Mashahidi

Ningekuwa na dola mia, sitini zingekwenda hapa.

Shahidi ni mtu wako anayekaa ndani ya chumba cha kura kutoka kufunguliwa mpaka PV, karatasi rasmi ya matokeo ya chumba, kusainiwa. Bila yeye, malalamiko yako mahakamani ni hadithi. Kila chumba, shahidi mmoja na mbadala wake, wote wameandikishwa CENI kwa wakati.

Mpe mafunzo ya saa mbili kwa kuigiza: meza, sanduku la katoni, mtu anayejifanya mkuu wa kituo mkali. Ajifunze mambo manne. Kuhakikisha sanduku ni tupu asubuhi. Kuandika kila tukio na saa yake. Kutosaini PV kabla ya hesabu kwisha. Kupiga picha karatasi ya matokeo inayobandikwa nje ya kituo, na kutuma picha hiyo kabla ya kula.

Mpe chakula, nauli ya kurudi usiku, na betri ya simu ya siku mbili. Desemba 2023 vituo vingi nchini vilifunguliwa kwa kuchelewa na kura ikaendelea siku zilizofuata. Shahidi mwenye njaa saa nne usiku anauzwa kwa soda na mkate. Sisemi kwa dharau. Nimewahi kuwa huyo shahidi, na niliuangalia huo mkate kwa muda mrefu.

Mtu mmoja nyumbani apokee picha, mwingine aingize tarakimu, wa tatu azisome tena. Chumba ambacho picha yake haijafika ifikapo asubuhi, kitumiwe mtu wa pikipiki.

Utajua umefaulu ukiwa na PV au picha ya matokeo ya angalau vyumba tisa kati ya kumi, na jumla yako inakaribiana na ya CENI. Ikitofautiana, una karatasi za kupeleka mahakamani, na muda wa kufanya hivyo unahesabiwa kwa siku.

## Hatua ya 8: Linda washauri wako

Mmeingia. Ngoma imetulia. Sasa ndipo uchaguzi wa meya unaanza, na wapiga kura ni wachache kiasi cha kuenea ukumbi mmoja wa harusi.

Kura ya siri kati ya watu wachache ina bei. Machi 2019, katika uchaguzi wa maseneta, chama cha Rais, UDPS, kilikuwa na wabunge 12 wa mkoa wa Kinshasa na hakikupata seneta hata mmoja wa Kinshasa. Malalamiko ya rushwa yalikuwa makubwa kiasi kwamba kusimikwa kwa maseneta kulisimamishwa kwa muda. Kama imekipata chama cha Rais, itakupata wewe.

Tulichojifunza kwa waliopona ni hiki. Chagua mgombea umeya kwa kura ya ndani, ya wazi, mkiwa wote mmekaa, ili asiwepo wa kusema aliwekewa. Sheria inaruhusu meya atoke ndani ya baraza au nje, kwa hiyo msimfunge mtu mzuri kwa sababu hakugombea. Andikeni makubaliano na washirika wenu wa komini nyingine: nani meya, nani msaidizi, nani eshevini (mjumbe wa serikali ya jiji), na mambo matano mtakayofanya mwaka wa kwanza. Wasaini mbele ya watu wanaowaheshimu, mchungaji, padri, mzee wa familia.

Kisha mtembelee kila mshauri nyumbani kwake, mara kwa mara, na ukae na familia. Mtu aliyekuona ukila bukari na mama yake anapata shida kukuangalia usoni baada ya kukuuza. Sikiliza pia shida zake za kweli. Mshauri aliyekopa ili agombee, na mkopeshaji anagonga mlango, yuko sokoni tayari hata kama yeye mwenyewe hajajua.

Tarehe za chaguzi hizi za ndani zinatolewa na CENI na zinaweza kusogea. Kadiri zinavyosogea ndivyo bei inavyopanda. Panga mikutano ya kila wiki, hata kama ajenda ni chai.

Onyo: kuna timu zinazowafungia washauri hotelini na kuwanyang'anya simu. Ni aibu, na haisaidii. Aliyeamua kukuuza ataandika jina la mwingine kwa kalamu uliyompa wewe.

## Hatua ya 9: Siku yenyewe, na makabidhiano

Meya anachaguliwa kwa wingi wa kura, duru mbili kama hapana budi. Jiandaeni kwa duru ya pili kabla ya ya kwanza: mgombea wa tatu akianguka, watu wake wanakwenda kwa nani? Mtu wenu aongee naye wiki moja kabla, si koridoni kura zikihesabiwa.

Mkishinda, msiingie ofisini kwa kuimba. Kazi ya kwanza ni makabidhiano, yale tunayoyaita *remise-reprise*. Nenda na mhasibu wako na mwanasheria wako. Hesabuni magari, moja moja, likiwemo lile lililoko gereji. Ombeni taarifa za benki za akaunti zote, orodha ya wafanyakazi na mishahara inayodaiwa, mikataba ya masoko na ya taka, madeni, na vitabu vya vitansi, vilivyotumika na vitupu. Kisichokuwepo kiandikwe "hakikuonekana", kwa maneno hayohayo. Kila ukurasa usainiwe na pande zote mbili, na anayetoka apewe nakala yake siku hiyohiyo, kwa heshima, na kiti cha kukalia.